Mifupa ya Kilima cha Kabwe

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya ubibi shamba, mdogo wangu hakuwahi kuniuliza hata siku moja mbolea gani inafaa mahindi. Yeye ni mtu wa duka. Aliolewa Tunduma, akavuka mpaka na mumewe kufuata biashara ya mchele na dagaa, wakaishia Kabwe, katikati ya Zambia, na huko ndiko walikolea watoto. Simu zetu zilikuwa za harusi, misiba na ada za shule. Kwa hiyo siku aliponipigia na kusema, "Dada, wewe ndiye mtu wa udongo. Hivi udongo ukiwa na sumu unatibika?" nilijua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa kitinda mimba wake. Kliniki walimtoboa kidole, wakapima damu, wakakuta risasi, ile metali nzito ya kijivu inayowekwa kwenye betri za magari. Mtoto akapewa dawa ya kuitoa mwilini. Muuguzi akamwambia mama yake kwamba dawa inasaidia, ila mtoto akirudi kucheza kwenye vumbi lile lile, risasi nayo itarudi. Nyumba yao iko Kasanda, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Mgodi ulifungwa mwaka 1994. Vumbi halikufungwa.

Nilikuwa nimewahi kusoma kwamba fosfeti, kitu kile kile tulichokuwa tukiwasihi wakulima waweke shimoni wakati wa kupanda, ina tabia ya kushikana na risasi hadi isiweze kuyeyuka. Nilikuwa nimesoma tu, na Zambia sikuwa nimewahi kuikanyaga. Nikafunga mizigo.

Basi lingenifikisha haraka zaidi, lakini nilitaka TAZARA. Nilizaliwa reli ikijengwa, nikakua nikisikia sifa zake, nikazeeka bila kuipanda. Reli hii ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita Rhodesia ya Ian Smith wala nchi zilizokuwa mikononi mwa Wareno. Siku hizi watu huizungumzia zaidi kwa kuchelewa kwake, na sitawabishia. Tulikaa stesheni ile kubwa ya Barabara ya Nyerere hadi watoto wakalala juu ya mabegi. Lakini treni ilipokwishaanza kutembea, nilisamehe yote. Chumba chetu cha wanne kilikuwa cha wanawake watupu: mfanyabiashara wa vitenge, binti yake, mwalimu anayerudi Mbeya, na mimi. Kufika jioni tulikuwa kwenye pori lililokuwa la Selous, na abiria wote walihamia madirisha ya upande mmoja kwa sababu ya twiga. Ifakara watu wakaingia na mchele. Baada ya Mlimba reli inaanza kupanda mlima kuelekea Makambako, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, na ukichungulia chini unaona msitu na mto na unajiuliza walipitaje watu waliobeba vyuma hivi. Makambako baridi. Wauza viazi wamejifunika mablanketi.

Kwenye behewa la mgahawa nilikaa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Karibu na Mbeya tulisimama kupisha treni ya mizigo inayotoka Zambia. Akanionyesha kwa kidole: "Hiyo shaba inashuka. Sisi tunawapandishia mbolea na salfa." Alisema "sisi" kwa namna ya mtu ambaye bado yuko kazini. Nikamwambia kwamba hata safari yangu ni ya mbolea, akataka kujua nauza wapi. Ilibidi nimweleze habari ya Kabwe, na kwa kuwa alikuwa msikilizaji mzuri, nilijikuta nikianzia mbali, huko Minjingu.

Minjingu ni kilima kidogo karibu na Ziwa Manyara. Zamani za kale ziwa lile lilikuwa pana kuliko lilivyo leo, na kilima kilikuwa kisiwa. Ndege wa majini waliovua samaki walikaa pale kizazi baada ya kizazi, wakaacha kinyesi na mifupa, navyo vikawa mwamba wa fosfeti. Tangu miaka ya 1980 tunachimba mwamba huo na kuusaga kuwa mbolea. Mkulima anapomwaga Minjingu shambani, kwa kweli anamwaga mabaki ya samaki na ndege. Fosfeti ndicho kitu kinachoufanya mfupa kuwa mfupa: kalisi na fosfeti vilivyopangika kuwa madini yanayoitwa apatiti. Risasi inafanana na kalisi kwa kiasi cha kutosha kuidanganya apatiti, isipokuwa risasi ikishaingia haitoki kirahisi. Ikikutana na fosfeti, na pakiwa na klorini kidogo ambayo udongo mwingi unayo, huundika madini mapya, piromofaiti. Hayo hayayeyuki kwenye maji ya mvua, na hata ndani ya tumbo la mtoto huyeyuka kwa shida mno. Risasi inabaki pale pale udongoni, kwa uzito ule ule, ila imefungwa.

"Kwa hiyo haiondoki?" mzee aliuliza.

"Haiondoki, mzee wangu."

Akatikisa kichwa, akarudia chai yake. Sikumlaumu. Ndiyo sehemu ya habari hii ambayo kila mtu huipokea kwa mashaka, na mashaka hayo yana haki yake.

Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Vijana wa kubadilisha fedha wanapanda treni na vibunda vya kwacha, na majira yanarudi nyuma saa nzima. Kiswahili kinakufuata hatua kadhaa ndani ya Zambia kisha kinaanza kukuaga. Kasama, Mpika, Serenje: miombo isiyokwisha, na kwenye vituo wanawake wanauza viwavi waliokaushwa na samaki wadogo wanaowaita kapenta. Nikawaangalia vizuri. Dagaa wa Kigoma hao hao, wa ziwa lile lile la Tanganyika, wamebadilishiwa jina tu. Kapiri ikawa mwisho wa reli, basi dogo likatuchukua kusini kwa kilomita sitini na kitu, na shemeji alikuwa ananisubiri stendi amevaa koti la suti juani, kwa heshima yangu.

Kabwe ni mji mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu ukisoma habari zake utadhani watu wanaishi juu ya jivu. Una barabara pana zenye miti, makao makuu ya shirika la reli la Zambia, na mkuyu mmoja mkubwa katikati ya mji ambao ni kumbukumbu ya taifa, kivuli chake kinatosha mkutano wa kijiji. Mwaka 1902 mtafiti wa madini aitwaye Thomas Davey alikuta hapa vilima vyenye risasi na zinki, akavipa jina la mgodi maarufu wa Australia, Broken Hill, na mji ukabeba jina hilo hadi baada ya uhuru. Reli ilifika mwaka 1906. Kwa takriban miaka tisini walichimba na kuyeyusha, na moshi wa tanuru ukawa unaelekea unakopeleka upepo, yaani zaidi magharibi, kwenye mitaa ya Kasanda na Makululu.

Mdogo wangu alinipokea mlangoni, tukalia kidogo kama inavyopasa, kisha jambo la kwanza alilonifundisha ni kufagia. Pwani tunaamka na ufagio wa chelewa, tunachora uwanja mistari, na mwanamke ambaye uwanja wake haujafagiwa anasemwa. Kasanda ufagio hautangulii. Kwanza unanyunyiza maji, unasubiri udongo ushike, ndipo unafagia polepole. Ndani unapiga deki kwa tambara bichi, hufagii kabisa. Watoto wananawa mikono kabla hawajagusa chakula, na viatu vinabaki nje. "Mama Mkubwa, viatu!" kitinda mimba alinikaripia mimi niliyesafiri nchi mbili kwa ajili yake, na nilivua mbio.

Ana macho makali na maneno mengi. Ukimtazama huoni kitu. Risasi haina upele wala kikohozi. Inamega akili ya mtoto taratibu, na usikivu wake, na damu yake. Watafiti wa Zambia na wa Chuo Kikuu cha Hokkaido cha Japani walipima watoto wa chini ya miaka saba katika mitaa ya Chowa, Kasanda na Makululu, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalionyesha kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa chini ya mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, kiwango ambacho Marekani ilikitumia wakati ule kama alama ya kuanza kuhofia. Tangu 2021 alama hiyo imeshushwa hadi 3.5.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia mdogo wangu siku ile, nililiweka hadi tulipobaki wawili jikoni. Risasi ikishaingia mwilini haikai kwenye damu. Kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 yake imo mifupani, na inaweza kukaa humo miongo. Mwili unafanya kile kile nilichomweleza mzee wa treni: risasi inatafuta fosfeti, inaikuta kwenye mfupa, inatulia. Shida ni kwamba mfupa wa binadamu uko hai, unajengwa na kubomolewa, na mwanamke akipata mimba au akizeeka mfupa unaachia kalisi, na pamoja nayo unaachia risasi ya utotoni. Kwa hiyo mjini Kabwe risasi hii itafungwa na mifupa, hilo halina mjadala. Kinachobaki kuamuliwa ni mifupa ipi. Mdogo wangu alinyamaza, akaongeza kapenta kwenye sahani ya mtoto. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba mwili uliokosa kalisi na chuma hunyonya risasi kwa pupa zaidi, na samaki mdogo anayeliwa pamoja na mifupa yake ni kalisi tosha.

Jirani yao mmoja, mwalimu mstaafu wa sekondari, aliposikia nimekuja kwa ajili ya udongo alikuja jioni na kiti chake mwenyewe. Tuliongea Kiingereza, naye akanipa kitu ambacho sikukitarajia kukipata Kabwe. Aliniuliza kama najua fuvu la Kabwe. Nilijua: mwaka 1921 mchimbaji Tom Zwigelaar, na pamoja naye Mwafrika ambaye jina lake halikuandikwa, walilikuta fuvu la binadamu wa kale ndani ya kilima cha mgodi. Lilipelekwa London, Arthur Smith Woodward akalipa jina la kisayansi mwaka huo huo, na liko huko hadi leo, ingawa Zambia imelidai kwa miaka mingi. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2020 kiliweka umri wake karibu miaka 300,000. Hayo yote yamo vitabuni.

"Na pango je?" aliuliza mwalimu.

Hilo sikulijua. Fuvu lilikuwa kwenye sehemu ya mwisho ya pango lililojaa mifupa ya wanyama, malundo kwa malundo, ndani ya kilima kilichokuwa madini matupu ya risasi na zinki. Kwa maelfu ya miaka maji yaliyopita kwenye madini yalipita pia kwenye mifupa. Wachimbaji waliofika pango hilo miaka ya mwanzo ya karne iliyopita walikuta mifupa imejaa madini, mingine imevikwa fuwele zinazong'aa, na mingi iliishia tanuruni pamoja na mawe. Baadhi ya fuwele zilipelekwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, na mwaka 1907 L. J. Spencer akatangaza madini mapya kutoka hapa, yakaitwa tarbutaiti, kwa heshima ya Percy Tarbutt, mkurugenzi wa kampuni. Ni fosfeti ya zinki. Ipo na nyingine, hopeiti, nayo fosfeti ya zinki, na piromofaiti pia imepatikana katika mgodi huu.

Nilimwomba arudie. Ilinichukua muda kulimeza. Mwaka 1993 kundi la wanasayansi wa Ohio, Marekani, walichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu, wakionyesha kwamba apatiti inafunga risasi ndani ya maji na udongo. Kabla yao, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Jerome Nriagu, mwanakemia aliyezaliwa Nigeria, alikuwa amekwishapima jinsi fosfeti za risasi zilivyo ngumu kuyeyuka. Na kumbe jaribio lile lile lilikuwa limefanyika lenyewe chini ya kilima cha Kabwe, likachukua muda usiohesabika, likafaulu, kisha likachimbwa na kutiwa motoni. Kilima chenyewe hakipo tena. Mwalimu alinionyesha upande kilipokuwa: sasa ni shimo.

Kesho yake shemeji alinipeleka tukauone Mlima Mweusi. Ni rundo la masalia ya tanuru, refu, jeusi kama jina lake, na chini yake watu wanachimba, wanachekecha, wanajaza viroba. Kuna risasi na zinki iliyobaki ya kutosha kumpatia mtu mlo wa leo. Niliona wanawake wakiponda mawe na watoto wamekaa kando. Human Rights Watch imeandika juu ya mahali hapa zaidi ya mara moja. Katika ripoti ya 2025 ililalamika kwamba serikali yenyewe ilitoa leseni za kuchimbua masalia haya upya, na hivyo kuyatawanya zaidi. Mwaka 2016 ulikopewa fedha na Benki ya Dunia mradi wa kupima watoto, kuwatibu na kusafisha. Ipo kesi iliyofunguliwa Afrika Kusini mwaka 2020 dhidi ya Anglo American, ambayo inakana kuhusika. Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilikataa isiendeshwe kwa niaba ya umati, na mawakili wakakata rufaa. Mimi nilitazama upepo. Ulikuwa unavuma kutoka mlimani kwenda nyumbani kwetu.

Hapo ndipo nilipoona mwisho wa ubibi shamba wangu. Hakuna kiasi cha fosfeti kitakachosaidia uwanja ambao unapokea vumbi jipya kila siku ya kiangazi, na tope la mfereji wa mgodi kila masika unapofurika. Kwanza rundo lifunikwe, barabara za vumbi ziwekwe lami, mfereji usafishwe. Hiyo ni kazi ya serikali na ya waliofaidika, na anayemwambia mama wa Kasanda kwamba suluhisho ni mfuko wa mbolea anamtwisha mzigo usio wake. Nalisema kwa ukali kwa sababu nimewahi kuona semina za namna hiyo.

Lakini mama wa Kasanda analala pale usiku wa leo. Ndiyo maana niliendelea kufikiria.

Kuna mahali walikojaribu. Joplin, mji wa machimbo ya zamani ya risasi jimboni Missouri, walichanganya asidi ya fosforiki kwenye udongo wa uwanja, fosforasi kiasi cha asilimia moja ya uzito wa udongo, kisha wakaweka chokaa kuondoa ukali. Udongo ule ulipojaribiwa, hata kwa watu wazima waliojitolea kumeza chembe zake, risasi iliyoingia kwenye damu ilipungua kwa zaidi ya nusu. Oakland, California, mtaa wa South Prescott, shirika la mazingira la Marekani lilianza mwaka 2011 kuchanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye nyua za nyumba, kisha wakafunika kwa udongo safi na majani. Mifupa ilikuwa taka za viwanda vya samaki wa Alaska. Ilikuwa nafuu kuliko kuchimba mtaa mzima na kuusafirisha kwa malori kwenda kuutupa kwa watu wengine.

Hata maji ya bomba yanaijua kazi hii. Uingereza huweka fosfeti kidogo kwenye maji ili ijenge utando ndani ya mabomba ya zamani ya risasi. Mji wa Flint, Michigan, ulipobadilisha chanzo chake cha maji mwaka 2014 na kuacha kuweka dawa hiyo ya kulinda mabomba, utando ukamomonyoka na watoto wakanyweshwa risasi. Kemia ni ile ile ya pangoni.

Jioni shemeji alileta daftari la duka. Ni mtu wa hesabu, hapendi maneno mengi. "Shemeji, niambie mifuko mingapi, niagize."

Tukapima uwanja kwa hatua. Mita kumi kwa kumi, tuseme. Ukitibu sentimita ishirini za juu, una mita za ujazo ishirini za udongo, karibu tani 26. Asilimia moja ya fosforasi ni kilo 260. Mbolea ya TSP ina fosforasi kama asilimia 20, kwa hiyo kilo 1,300: mifuko 26 ya kilo hamsini. Shemeji aliweka kalamu chini. Mkulima wa kwetu anayepanda ekari nzima ya mahindi, mraba wenye mita zaidi ya sitini kila upande, tunamwambia atumie mfuko mmoja, na huo mmoja anaukopa. Kwa D compound, mbolea ya kupandia ambayo Zambia nzima inaitumia, ingehitajika mifuko zaidi ya mara mbili, pamoja na naitrojeni isiyo na kazi pale, ambayo ingeshuka hadi kwenye kisima.

Nikamwambia pia yaliyo upande wa pili, maana dawa isiyosemwa madhara yake siiamini. Fosfeti ikizidi inasombwa na mvua hadi mtoni, nayo ikifika kwenye maji inalisha mwani na magugu. Kama udongo una aseniki, fosfeti inaisukuma itoke mahali ilipokuwa imejishikiza. Zinki na kadimi hazifungiki nayo kwa uimara wa risasi. Mwamba wa fosfeti wenyewe una vyake. Minjingu yetu ina urani ndani yake. Halafu kuna udongo wa Kabwe: mwamba wa chini ni dolomiti, udongo una chokaa ya kutosha, na fosfeti ya mwamba uliosagwa au ya mifupa huyeyuka kwa uvivu kwenye udongo wa namna hiyo. Inataka uchachu kidogo ili ianze kazi. Watafiti wa hapa, wao na wenzao wa Japani, wamejaribu kufunga risasi ya masalia ya mgodi kwa dolomiti yenyewe, iliyochomwa na isiyochomwa, na nadhani wana busara: wameanza na kile kilichopo chini ya miguu yao.

Mdogo wangu alikuwa akitusikiliza huku anachambua mchele. "Dada, mtoto hachezi uwanja mzima," alisema. "Anacheza pale." Akaonyesha kwa mdomo: kati ya mlango wa jikoni na bomba, ambapo maji humwagika na udongo huwa mtamu kwa kufinyangwa. Mita nne kwa tano, si zaidi.

Shemeji akaokota kalamu. Sentimita kumi za juu tu, kwa kuwa juu yake tutafunika. Tani 2.6 za udongo. Kilo 26 za fosforasi. Kilo 130 za TSP, mifuko mitatu isiyojaa. Imwagiwe maji, iachwe ifanye kazi, na mtoto asikanyage hadi tufunike kwa udongo wa kutoka nje ya mji, sentimita kumi na tano, na kupanda ukoka. Kabla na baada, tuchukue udongo kidogo tuuombee kipimo kwa vijana wa mradi, wanaopita na kile chombo cha kushika mkononi kinachosoma risasi papo hapo. Ingawa chombo hicho husoma risasi yote, iliyofungwa na isiyofungwa, na kwa hiyo namba haitashuka hata kama tumefaulu. Ingetakiwa maabara, wauloweke udongo kwenye asidi kama ya tumbo, waone ni kiasi gani kinachotoka. Nikaandika hayo yote kwenye daftari la duka, chini ya madeni ya mchele.

"Na mbogamboga?" mdogo wangu aliuliza. Mchicha na chibwabwa, yaani majani ya maboga, vilikuwa nyuma ya nyumba, vimestawi kweli kweli.

Ving'olewe, nilisema. Panda kwenye viroba, kwa udongo utakaonunua. Akaguna, kwa sababu ule ulikuwa mchicha mzuri kuliko wangu, na asubuhi alianza kuung'oa kabla sijaamka.